Milton Abbas: kijiji kizuri, mji uliofutwa

Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, kuna kijiji ambacho watalii hawachoki kukipiga picha: Milton Abbas. Nyumba 36 nyeupe, zilizoezekwa kwa nyasi, zimepangwa pande mbili za barabara, na zote zinafanana.

Zinafanana kwa sababu aliyeziagiza ni mtu mmoja. Joseph Damer, baadaye Lord Milton, alinunua ardhi hiyo mwaka 1752. Wakati huo kanisa kuu la watawa wa zamani lilizungukwa na mji uitwao Middleton, wenye shule na vilabu vya pombe. Yeye alitaka kasri, nyasi na ziwa. Basi kila mkataba wa upangaji ulipokwisha, nyumba ilibomolewa. Shule nayo ilihamishiwa mji wa Blandford mwaka 1785, kwa sheria ya Bunge. Wakili mmoja, Harrison, aligoma kuhama. Inasimuliwa kwamba bwana alimfungulia maji ya bwawa yakaifurika nyumba yake, Harrison akaenda mahakamani na akashinda.

Wanaomtetea Damer wana hoja, na si ya kubeza. Wamiliki wengine wa zama zile walifukuza watu bila kuwapa hata kibanda. Yeye alijenga kijiji kizima, akahamisha nyumba za wazee maskini za mwaka 1674, na kanisa jipya la St James likawa tayari mwaka 1786.

Hata hivyo, nyumba hulipwa kwa nyumba. Kanisa je? Watawa walipoondolewa mwaka 1539, wakazi ndio waliolifanya kuwa kanisa la parokia yao, wakabatizia na kuzikia hapo kwa zaidi ya karne mbili. Damer alilibakiza kando ya kasri lake. Ndani yake yupo hadi leo katika marumaru nyeupe, kazi ya mchongaji Agostino Carlini: ameegemea kiwiko, akimtazama mkewe Caroline aliyefariki mwaka 1775. Ni sanamu inayogusa moyo, na sina shaka kwamba majonzi yale yalikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyejua thamani ya kulala karibu na wapendwa wake aliwatenga mamia ya watu na makaburi ya wazazi wao. Hapo ndipo utetezi wake unaponishinda kuukubali, hata nikizihesabu zile nyumba 36 zote.