Orodha ya kusubiri ya chuo cha udaktari si foleni

Swali la kwanza la mtu aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri ya chuo cha udaktari Marekani ni hili: "Mimi ni wa ngapi?" Ni swali la haki, ila mara nyingi halina jibu. Vyuo vingi havipangi watu kwa namba. Kiti kikibaki wazi, kamati hufungua mafaili upya na kuangalia darasa linakosa nini siku hiyo. Aliyejitoa alikuwa mkazi wa jimbo? Alikuwa na historia ya utafiti? Alitaka kwenda kutibu vijijini? Anayeitwa ni yule anayeziba pengo hilo, hata kama aliwekwa kwenye orodha mwezi mmoja baada yako. Vyuo vingine hugawa orodha katika makundi, la juu, la kati na la chini, na vichache hupanga namba kamili na kukutajia yako ukiuliza.

Kwa maoni yangu, chuo kinachojua namba ya mtu na kukataa kumwambia kinamkosea, kwa sababu aliye wa 5 na aliye wa 180 wana maamuzi tofauti kabisa ya kufanya kuhusu kazi, nyumba na pesa. Lakini hilo si la kulirekebisha msimu huu. La msimu huu ni kuacha kungoja zamu. Orodha inasogezwa na maamuzi ya watu wengine, na maamuzi hayo yana tarehe zake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Katika miaka ya karibuni wanaoomba vyuo vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari Marekani, wamekuwa kama 52,000 kwa mwaka, na wanaoanza masomo kama 23,000. Chuo chenye viti 150 kinajua kwa uzoefu kwamba wengi wa kinaowakubali wataenda kwingine, kwa hiyo hutoa barua nyingi kuliko viti, pengine mara mbili. Kikikadiria pungufu, orodha inasogea. Kikizidisha, orodha haisogei hata kwa mtu mmoja, na hapo ubora wa faili lako hauhusiki hata kidogo. Ndiyo maana kukesha ukichambua ni watu wangapi chuo fulani kiliita mwaka juzi hakukusaidii sana.

Kalenda inawekwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari ambayo ndiyo inayoendesha mfumo wa maombi wa AMCAS. Barua za kukubaliwa huanza kutoka katikati ya Oktoba, na kuanzia hapo mtu anaweza kushikilia nafasi nne au tano bila kosa lolote. Kufikia Aprili 15 anatakiwa abaki na zisizozidi 3. Kufikia Aprili 30 abaki na moja. Kwenye mfumo wao anachagua "Plan to Enroll", maana yake nakusudia kusoma hapa, lakini bado anaruhusiwa kubaki kwenye orodha za kusubiri za vyuo vingine. Baadaye, kadiri masomo yanavyokaribia, chuo chake kitamtaka achague "Commit to Enroll", na hapo anajitoa kote kwingine. Ukiwa na nafasi mahali na bado unangojea kwingine, soma vizuri kabla ya kubofya hicho cha pili. Kukibofya mapema kwa furaha ni kuifunga milango yote kwa mkono wako mwenyewe.

Basi simu nyingi hupigwa wiki ya mwisho ya Aprili na wiki za kwanza za Mei. Kisha unakuja mnyororo: anayeitwa na chuo cha kwanza tayari alikuwa na kiti chuo cha pili, akihama, chuo cha pili nacho kinaita mtu, na huyo naye ameacha kiti mahali. Mnyororo huo hupungua nguvu Juni na Julai lakini haukatiki mpaka wiki ya kupokea wanafunzi wapya, ambayo kwa vyuo vingi iko kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti. Kabla ya Aprili 30 chuo hukupa angalau wiki mbili za kujibu. Baada ya hapo ni siku chache za kazi, na masomo yakishakaribia muda huo unabanwa zaidi.

Kwa hiyo pokea namba usizozijua. Hakikisha sanduku la ujumbe wa sauti halijajaa, na kila asubuhi pitia pia folda ya barua taka. Wenzetu wa diaspora wana mtego wao wa ziada: Mei na Juni ndiyo miezi ya kwenda nyumbani kusalimia. Laini ya Marekani ikizimwa ukifika Dar au Mombasa, simu ya ofisi ya udahili inagonga mwamba. Na kumbuka saa tisa alasiri New York ni saa nne usiku kwetu, wakati simu iko kwenye chaji na wewe umeshalala. Nenda, hakuna anayekuzuia, ila laini iwe inapokea.

Taratibu hizi ni za vyuo vya MD vilivyo chini ya AMCAS. Texas ina mfumo wake wa maombi, TMDSAS, na vyuo vyake vya umma vinabanwa na kikomo cha asilimia 10 kwa wanaotoka nje ya jimbo. Vyuo vya DO, shahada nyingine ya udaktari ya huko Marekani, huombwa kupitia mfumo wa AACOMAS, na huko amana ya kushikilia kiti huwa kubwa, mara nyingi zaidi ya dola 1,000, na hairudi. Aliyelipa amana hiyo kisha akaitwa na chuo cha MD mwezi Juni ataipoteza, na aihesabu hivyo tangu siku anayoilipa.

Sasa barua za kukiandikia chuo ukiwa kwenye orodha. Kwanza soma chuo kinasema nini, maana vipo visivyotaka kupokea chochote baada ya usaili, na kuvitumia barua ni kuonyesha kwamba husomi maelekezo. Vinavyoruhusu hupokea aina mbili. Barua ya taarifa mpya inaeleza kilichobadilika tangu ulipoomba. Barua ya nia inasema kwamba wakikupa nafasi utakuja. Ya taarifa unaweza kuvitumia vyuo vyote. Ya nia ni ya chuo kimoja tu. Haikufungi kisheria, lakini ni neno lako, na dunia ya udahili ni ndogo.

Ukurasa mmoja unatosha. Sentensi ya "nimeipenda tiba tangu utotoni" haina kazi hapa, walishaisoma kwenye maombi. Andika kitu kinachopimika: tangu Januari unafanya kazi saa 24 kwa wiki kama msaidizi wa wauguzi kwenye wadi ya wagonjwa wa figo, muhula umeisha na Biokemia umepata A, utafiti mliokuwa mkiuandika umekubaliwa kuchapishwa. Kisha sentensi mbili au tatu za kwa nini chuo hicho, zikitaja kitu ambacho kipo huko tu. Kama huna jipya la kusema mwezi Februari, ngoja mpaka ulipate, uipeleke katikati ya Aprili, kabla viti havijaanza kufunguka. Barua mbili kwa msimu zinatosha. Ya nne inachosha watu.

Na hapa niwaambie wazazi na wajomba: msitafute mtu anayemjua mtu. Najua kwetu mlango mwingi hufunguliwa na kujuana, lakini simu ya mjomba kwa mkuu wa udahili, au barua ya mchungaji au imamu ambayo haikuombwa, haimsaidii kijana. Vyuo vingine husema wazi kwamba havizungumzi na mtu yeyote zaidi ya mwombaji mwenyewe.

Jambo ambalo huwaangusha watu wetu zaidi hata ya barua ni chanjo. Anayeitwa wiki mbili kabla ya masomo kuanza hutakiwa kuleta rekodi kamili karibu papo hapo, na kadi ya kliniki ya Tanzania, Kenya au Kongo hailingani na fomu ya Marekani. Fomu inataka dozi mbili za MMR, yaani surua, matumbwitumbwi na rubela. Ratiba za kwetu huchanja surua, na siku hizi rubela pamoja nayo, lakini matumbwitumbwi hayamo. Ukipimwa kingamwili, hapo ndipo unapoweza kukwama, na dozi mbili zinatakiwa ziachane kwa angalau siku 28. Tetekuwanga nayo ni dozi mbili, angalau wiki nne kati yake, au kipimo cha damu kinachoonyesha una kinga.

Homa ya ini aina ya B ndiyo ndefu. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6, kisha kipimo cha damu mwezi mmoja au miwili baadaye. Aliyeanza Februari anamaliza Agosti. Kuna chanjo ya Heplisav-B kwa watu wazima ambayo ni dozi mbili tu kwa mwezi mmoja, iulizie kliniki. Mara nyingi chuo hukuruhusu kuanza masomo ukiwa katikati ya dozi, mradi uonyeshe umeshaanza.

Halafu kifua kikuu. Karibu kila aliyezaliwa kwetu alichomwa BCG, kovu liko begani. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, ukahesabiwa una maambukizi, ukapelekwa eksirei na kuanza kuelezeana na watu wakati siku zinakwisha. Omba tangu mwanzo kipimo cha damu, QuantiFERON au kinachofanana nacho, ambacho hakichanganywi na BCG. Haya yote yafanywe Machi, ukiwa bado hujui kama utaitwa. Ukikosa nafasi, hujapoteza kitu, maana utayahitaji mwaka unaofuata.

Pesa nayo isingoje simu. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, inapokea hadi vyuo 20, hivyo ingiza pia vyuo ambavyo uko kwenye orodha zao. Wanaoanza masomo Julai 2026 na kuendelea wazingatie kwamba mkopo wa serikali wa Grad PLUS umefutwa kwa wakopaji wapya, na kikomo kwa wanafunzi wa udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kwenye vyuo vya binafsi ada pekee inaweza kuumaliza mkopo huo kabla hujala wala kulipa kodi ya nyumba. Linganisha nafasi uliyonayo na ile unayoisubiri kwa jicho hilo pia. Nafasi ya chuo cha jimbo lako, kwa ada ya mkazi, mara nyingi inalishinda jina kubwa linaloita Julai.

Kwa asiye na nafasi popote, mwezi wa kuamua ni Mei, siyo Agosti. AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, hupokea maombi kuanzia mwisho wa mwezi huo, na vyuo huanza kuyapata mwishoni mwa Juni. Katikati kuna uhakiki wa matokeo yako somo kwa somo, na msongamano ukiwa mkubwa hilo huchukua wiki kadhaa. Anayesema "nangoja kwanza orodha iishe" huwasilisha Agosti na kuhakikiwa Septemba, wakati wenzake wanaitwa kwenye usaili. Ameharibu miaka miwili kwa mpigo mmoja.

Maombi mapya yawe mapya kweli. Insha ya herufi 5,300 iandikwe upya, na orodha ya shughuli, ambazo mwisho ni 15 na tatu kati yake huelezwa kwa urefu, ianze na ulichofanya mwaka huu. MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, irudiwe tu kama alama ndiyo iliyokuangusha, kwa sababu majaribio yana kikomo: mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo, 7 maishani. Matokeo hutoka baada ya kama mwezi mmoja, hivyo fanya Aprili au Mei. Ukitaka msamaha wa ada wa AAMC, uombe na ujibiwe kabla ya kulipa chochote, kwani pesa uliyokwisha kulipa hairudishwi. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili kuuomba, jambo ambalo vijana wengi waliotoka Kongo na Burundi hawaambiwi.

Ukiitwa Julai maombi mapya yakiwa yameshakwenda, unajitoa na ada inapotea. Chuo kilichokuita hakina neno na hilo.