Ali alimpiga Superman, kisha akaomba pambano lisimamishwe

Kitabu chenyewe, cha katuni za Superman na bondia Muhammad Ali, kilikuwa hakiingii kwenye begi la shule. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alikileta nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tulipokifungua kilichukua nafasi ya watoto wawili kwenye mkeka. Tulikuwa wanne. Watatu tulilala kifudifudi upande wa chini wa kitabu. Mdogo wetu wa mwisho hakuachiwa nafasi, akakaa upande wa juu na kuangalia picha zote zikiwa kichwa chini miguu juu. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo mjomba alitutafsiria, akiruka alipochoka.

Kitabu hicho kinaitwa Superman vs. Muhammad Ali, kilichotolewa na kampuni ya DC Comics mwaka 1978 kwa dola 2.50. Nimekisoma tena hivi karibuni katika toleo lililochapwa upya mwaka 2010. Nilikifungua nikiwa na wasiwasi, maana vitu vingi vya utotoni ukivirudia ukubwani unavikuta vimesinyaa. Hiki hakijasinyaa hata kidogo. Nimechoka kuwasikia wapenzi wa katuni wakikitaja kama kioja cha miaka ile, kitu cha kumwonyesha mgeni acheke kisha kirudi kabatini. Kwangu mimi hakuna kitabu cha mashujaa wawili kukutana kinachokishinda, na ushahidi wangu uko kwenye kurasa chache za katikati.

Kisa chenyewe ni hiki. Kiongozi wa viumbe wa sayari nyingine, aitwaye Rat'Lar, anatua Metropolis, mji anakoishi Superman, na kutoa amri: Dunia itoe bingwa wake apigane na bingwa wao, Hun'Ya, la sivyo itashambuliwa. Madai yake ni kwamba wanadamu wanapenda vita mno na siku moja watakuwa hatari kwa wengine. Superman anajitokeza. Ali naye, ambaye dakika chache kabla alikuwa akicheza mpira wa kikapu na watoto wa mtaani, anajitokeza. Hapo Ali anatoa hoja ambayo utotoni ilinipita kabisa: Superman si mtu wa Dunia. Kazaliwa sayari ya Krypton. Atawawakilishaje wanadamu?

Rat'Lar anaona wenyewe kwa wenyewe wapigane kwanza, apatikane mmoja. Pambano litafanyika chini ya jua jekundu, na mbele ya jua jekundu Superman hana nguvu zozote za ajabu. Anabaki mwanamume mwenye kifua kipana ambaye hajawahi kujifunza ngumi, kwa sababu hajawahi kuzihitaji. Basi anamchukua Ali mpaka kwenye ngome yake ya barafu, anajivua nguvu zake kwa hiari, na Ali anamfundisha masumbwi. Anamfundisha mtu atakayepigana naye. Hilo pekee lingetosha kuwa hadithi.

Vitabu vya mashujaa kukutana vina desturi yao. Wawili wanaonana, mmoja anamwelewa vibaya mwenzake, wanapigana kurasa kadhaa bila mshindi, kisha wanagundua adui ni mmoja na wanaungana. Miaka 2 kabla ya kitabu hiki, mwaka 1976, DC na kampuni shindani ya Marvel walishirikiana kuwakutanisha Superman na Spider-Man. Ili Spider-Man aweze kusimama mbele ya Superman, Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, alimpiga Spider-Man kwa mionzi ya jua jekundu bila yeye kujua, akawa na nguvu za kuazima kwa muda. Nguvu zilipokwisha, ugomvi ukaisha. Kila mpenzi akaenda nyumbani akiamini shujaa wake hakushindwa. Ni kitabu kizuri na sikibezi, lakini kimeandikwa ili asiudhike mtu.

Hiki kingine hakiogopi kumuudhi mtu. Superman anashindwa. Anashindwa kihalali, ulingoni, kwa sheria zilizotangazwa mapema, na mshindi ni mwanamume Mweusi aliye hai, mwenye jina lake halisi, aliyepokonywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Mwandishi Denny O'Neil na mchoraji Neal Adams hawakumtafutia Superman kisingizio.

Ukurasa ninaouzungumzia ndio huu. Superman ameumizwa. Uso umevimba, magoti yanakaribia kukunjika, mikono imekuwa mizito, lakini haanguki. Ukimwangalia unajua kabisa kwamba hataanguka kwa hiari, hata ikibidi afie pale. Ali anaacha kupiga. Anamgeukia mwamuzi na kumtaka alisimamishe pambano. Dunia nzima inategemea matokeo, viumbe wa sayari chungu nzima wanatazama, na mtu aliyebakiza ngumi moja tu amalize kazi anakataa kuitupa. Mwamuzi anapokubali hatimaye, ndipo Superman anaanguka kifudifudi, kama mti uliokatwa zamani na ulikuwa ukingoja upepo. Wanamtoa kwa machela.

Mtoto wa miaka tisa aliona picha ya Superman akianguka. Mtu mzima anamwona Ali akiomba. Na sasa siwezi kuusoma ukurasa ule bila kukumbuka Las Vegas, tarehe 2 Oktoba 1980. Ali, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mshirika wake wa mazoezi. Alipigwa raundi baada ya raundi na hakuanguka. Holmes mwenyewe alikuwa akimtazama mwamuzi, akitamani aingilie. Pambano halikusimamishwa mpaka raundi ya 10 ilipokwisha, pale Angelo Dundee, mwalimu wake, alipokataa kumruhusu kurudi. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Yule Ali wa kuchorwa alijua lini mtu aliyesimama amekwisha kushindwa. Ulingo wa kweli ulichelewa kujua.

Adams anastahili maneno zaidi, kwa sababu kitabu hiki ni mkono wake. Miili anayoichora ina uzito. Ngumi ikitua unaiona ikipita shavuni mpaka shingoni. Mate, jasho, kope iliyovimba, vyote vipo. Jalada lake linazunguka mbele na nyuma, likionyesha ulingo na watazamaji 172 wanaotambulika kwa sura: rais Jimmy Carter wa Marekani, Pelé, Frank Sinatra, Andy Warhol, ndugu wa Jackson 5, wamekaa pamoja na Batman na wafanyakazi wa DC. Tulitumia jioni nzima kuwatafuta, na ukweli ni kwamba tulimtambua Pelé tu na Batman.

Lakini Adams ana jambo jingine linalonifanya niamini kwamba alijua anachokichora. Superman aliundwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Wayahudi waliohamia Amerika, nao waliuza haki zake kwa dola 130 kabla hajatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Kampuni ikatajirika, wao wakazeeka katika ufukara. Mwaka 1975 Adams alisimama hadharani kuwatetea, yeye pamoja na mchoraji mwenzake Jerry Robinson, mpaka wazee wale wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Mtu aliyetoka kwenye mapambano hayo ndiye aliyekaa mezani kumchora Superman akiwa hana nguvu na akihitaji kufundishwa.

Kasoro zipo. Sehemu ya vyombo vya angani ni ndefu kupita kiasi. Mjomba aliiruka na nikisoma sasa namwelewa. Lois Lane, mwandishi wa habari anayependana na Superman, yupo lakini hana kazi. Na kuna jambo linalonikera kweli: ili amsaidie Ali kwa siri, Superman anajigeuza kuwa Bundini Brown, mpambe wa Ali wa kweli, mtu Mweusi. Kwenye hadithi ni hila ya kumpumbaza adui. Kwenye macho yangu ni mzungu aliyejipaka rangi, katika kitabu ambacho kila mahali pengine kilikuwa makini kumheshimu mtu Mweusi. Sitaki kujifanya kwamba jambo hilo halipo. Bundini halisi angeweza kupewa kazi ya kishujaa katika kurasa hizo, na kitabu kingekuwa kizuri zaidi.

Pambano la pili, Ali na Hun'Ya, ni Kinshasa iliyohamishiwa angani. Oktoba 1974 Ali aliegemea kamba akamwacha George Foreman ajichoshe, kisha akamwangusha raundi ya 8. Hapa pia mpinzani ana nguvu zaidi, Ali anaumia, halafu anapata pumzi mpya na kummaliza katika raundi ya 4, kama alivyotabiri. Haina mshangao sana. Kinachonigusa ni kitu kinachofuata: Rat'Lar anavunja ahadi na kuamuru Dunia ishambuliwe hivyo hivyo, na Hun'Ya, ambaye ametoka kushindwa muda huo huo, anamgeuka bosi wake. Amepigwa kihalali na anataka matokeo yaheshimiwe.

Nirudi kwenye lile swali la Ali, nani anamwakilisha nani, kwa sababu sisi tuna sehemu yetu ndani yake. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam. Rais Carter alimtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Serikali iliona ni dharau kutumiwa mwanamichezo kuzungumzia jambo la mabalozi. Waandishi wa habari wakamuuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika ilipoisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Ali akakiri kwamba habari hizo hakuelezwa kabla ya kutumwa. Kenya ilisusia. Tanzania ikaenda Moscow, na wanariadha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Mjomba aliijua habari hiyo vizuri, maana alimpenda Ali kuliko mwanamichezo yeyote na ziara ile ilimuumiza. Hakuwahi kuiunganisha na kitabu mbele yetu. Naiunganisha mimi. Yule aliyemwambia Superman huwezi kutusemea kwa sababu hukuzaliwa kwetu, miaka 2 baadaye aliulizwa swali hilo hilo na watu wasio na nguvu yoyote isipokuwa kalamu. Na alilijibu kwa kukiri kwamba hakuwa na habari zote. Naliheshimu jibu hilo kama ninavyouheshimu ukurasa wa mwamuzi.

Kitabu kilipotoka, Ali hakuwa bingwa tena. Kilichelewa kuchapwa, na tarehe 15 Februari 1978 Leon Spinks alikuwa amemnyang'anya ubingwa. Aliurudisha Septemba mwaka huo huo. Mjomba alitueleza hilo usiku ule ule tulipomaliza kusoma, na sisi hatukumwamini, kwa kuwa kitabu kilikuwa mbele yetu na kilisema vingine.

Nakala yake haipo tena. Pini za katikati zilipata kutu, kurasa zikachomoka moja moja, na ule wa Superman kuanguka ulikuwa wa kwanza kwa sababu ndio uliofunguliwa zaidi. Nilipoipata ya 2010 nilimpelekea mdogo wangu, sasa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Aliipokea, akaiweka mezani, akaigeuza kichwa chini, na akaanza kuutafuta ukurasa wake.