Karakana ipo, fundi hayupo: kozi za amali na ikama ya walimu vijijini

Tuanze na hesabu. Shule ya sekondari ya kijijini ina vidato vinne, kila kidato mikondo miwili, na kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki. Jumla ni vipindi 320. Mwalimu akibeba vipindi 25, mzigo ambao si mdogo ukikumbuka madaftari ya kusahihisha, shule inahitaji walimu 13; hiyo ndiyo ikama yake, yaani idadi ya walimu inaostahili kuwa nao. Tuseme inao tisa. Kila mmoja anabeba zaidi ya 35, na hapo bado hajaugua mtu, hajajifungua mtu, wala hakuna aliyekwenda masomoni.

Sasa ongeza kozi ya useremala, vipindi sita kwa wiki. Wanafunzi 45 hawawezi kuzunguka msumeno mmoja wa umeme bila mtu kukatwa kidole, kwa hiyo lazima kila mkondo ugawanywe makundi mawili. Makundi 16, vipindi 96: hao ni walimu wanne wa somo moja. Hata kozi ikiwa ya hiari na nusu tu ya wanafunzi wakaichagua, bado ni vipindi 48, yaani walimu wawili. Mijadala mingi kuhusu elimu ya amali, yaani ya ujuzi wa kazi, vijijini hutumia muda mrefu kwenye mtaala, majengo na mashine. Hesabu hii huachiwa mwalimu wa taaluma, mpangaji wa ratiba, naye huimaliza kwa kumpa mtu mmoja kila kitu.

Wanaotetea kozi hizi wana hoja nzito. Shule inayopima watoto wote kwa mtihani wa kwenda juu, huku ikijua kuwa wengi hawatakwenda juu, inawarudisha nyumbani wengi wao na karatasi ya kuthibitisha kwamba wameshindwa. Chuo cha ufundi kiko mbali, kina ada na malazi, na wazazi wengi husita zaidi kumpeleka binti huko kuliko kijana wa kiume. Ikiwa ujuzi hautafundishwa katika shule iliyo karibu, kwa baadhi ya watoto hautafundishwa kabisa. Tena wapo wanaoielewa pembe ya nyuzi 45 siku wanapoikata kwenye ubao, baada ya miaka mitatu ya kuiona ubaoni bila kuielewa.

Upande wa pili una historia. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyechunguza elimu ya Ghana, alisema kwamba vijana hawaikimbii elimu ya ufundi kwa uvivu au kiburi. Wanaisoma mishahara vizuri kuliko wapanga sera wanavyoisoma. Maadamu kazi ya ofisini inalipa zaidi, kwao shule ya kitaaluma ndiyo shule ya ufundi. Miaka 20 baadaye watafiti wa Benki ya Dunia walilinganisha shule za michepuo na shule za kawaida nchini Colombia na Tanzania, ambako sekondari zilikuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu (maarifa ya nyumbani). Michepuo iligharimu zaidi, na faida ya wazi kwenye ajira haikuonekana. Kenya nayo ilianzisha mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) mwaka 1985 ukiwa na masomo mengi ya vitendo. Wazazi walitakiwa kuchangia karakana, pasipo uwezo karakana zikabaki kuta, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa.

Mimi naupokea ushahidi huu kwa tahadhari. Foster aliandika wakati kijana mwenye cheti cha sekondari angeweza kweli kutumaini meza ya karani, na meza hizo leo zimejaa. Kisha kozi hupimwa kama ilivyofundishwa, si kama ilivyoandikwa kwenye mtaala. Somo la ufundi lililofundishwa kwa kunakili michoro ubaoni kwa kuwa mwalimu wake alihamishwa halituambii lolote kuhusu ufundi. Linatuambia kuhusu uhamisho.

Hapo ndipo palipo na fundo, na wapinzani hawalikazii inavyostahili. Mwalimu wa uchomeleaji akiwa hodari, karakana binafsi humlipa zaidi ya shule, na hiyo karakana iko mjini. Akikubali kubaki kijijini kwa kukosa pa kwenda, inabidi kujiuliza anachofundisha kinampeleka mwanafunzi wapi. Mwalimu wa historia hana kishawishi hicho kwa ukali huo. Kwa hiyo kozi ya amali hukimbiwa na walimu hasa pale inapokuwa na thamani, na sera inayotegemea moyo wa kujitolea imejengwa juu ya mchanga.

Marekani walilikabili jambo hili mwaka 1917 kwa sheria ya Smith-Hughes. Fedha za serikali kuu zililipa mishahara ya walimu wa kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani, pamoja na mafunzo yao. Majengo na vifaa zilikatazwa kuvinunua; hayo yalikuwa juu ya majimbo na wilaya. Ni kinyume kabisa na desturi ya mfadhili anayekabidhi mashine, akapiga picha, akaondoka. Sheria hiyo ililaumiwa kwa kujenga shule mbili ndani ya moja, ya mafundi na ya wasomi, na lawama hiyo ina haki. Lakini mwalimu alikuwepo. Jimbo la New York likaongeza jingine mwaka 1948: wilaya ndogo za vijijini ziliruhusiwa kuungana ili kugharimia kwa pamoja huduma ambazo moja peke yake isingeziweza. Ni mpango mzuri pale penye barabara na basi la wanafunzi. Mahali ambapo mvua hukata njia, karakana ya pamoja ni ya shule moja tu.

Kuna fundi ambaye hahitaji kuhamishiwa kijijini kwa kuwa anaishi hapo tayari: seremala, mwashi, mshonaji. Walimu wa kawaida hupinga kumwingiza darasani, na si kwa wivu tu. Hajafunzwa kupima maendeleo ya mwanafunzi, usalama anaufuata kwa mazoea, na mara nyingi hana cheti. Pia ukimlipa posho ya michango ya wazazi, umefungua mlango wa kuwalipa walimu wote hivyo. Hata hivyo ningemchukua, kwa sharti kwamba ujuzi wake upimwe na kutambuliwa rasmi, alipwe kutoka hazina kwa saa zake, na awepo mwalimu mmoja aliyesomea ualimu wa ufundi wa kumsimamia.

Na ningeanzisha kozi moja yenye watu wawili kuliko kozi tatu zenye mtu mmoja mmoja. Mmoja akiondoka, kozi inayumba lakini haifi, na waliofika kidato cha tatu hawaachwi njiani.

Ugumu unabaki pale nafasi ya ajira inapokuja moja tu, na shule haina mwalimu wa hisabati. Ningechagua hisabati, kwa sababu seremala asiyeweza kukadiria mbao atakula hasara ya kila kitanda anachouza. Watetezi wa amali hujibu kwamba mwaka huu itakuwa hisabati, mwakani fizikia, mwaka wa kesho kutwa Kiingereza, na zamu ya fundi haitafika kamwe. Wanasema kweli. Njia ninayoiona ni moja: nafasi ya fundi iandikwe kwenye ikama kwa jina lake, kozi isisajiliwe kabla nafasi hiyo haijajazwa, na nafasi hiyo isigombanie kiti na somo lingine.