Taji la foki-roki nampa Fairport Convention

Ukitajwa mwanzo wa foki-roki, muziki unaochanganya nyimbo za jadi na roki, wengi hukimbilia tamasha la Newport, Marekani, Julai 1965, mwanamuziki Bob Dylan alipopanda jukwaani na gita la umeme na baadhi ya watu wakamzomea. Sibishi, siku ile ilikuwa kubwa. Lakini taji langu naliweka Uingereza, kwenye Liege & Lief ya Fairport Convention, albamu iliyotoka Desemba 1969.

Mwanzoni bendi hii iliwafuata sana Wamarekani. Mei 1969, wakirudi usiku kutoka kupiga muziki Birmingham, gari lao lilipata ajali kwenye barabara ya M1. Mpiga ngoma wao, Martin Lamble, alifariki akiwa na miaka 19. Akafa pia Jeannie Franklyn, mpenzi wa mpiga gita Richard Thompson. Waliobaki wangeweza kutawanyika. Wao wakapanga nyumba kijijini Hampshire, Dave Swarbrick akaja na fidla yake, Dave Mattacks akashika ngoma, na mpiga besi Ashley Hutchings akawa anapekua nyimbo za kale Cecil Sharp House, maktaba ya nyimbo za jadi jijini London.

Sikiliza "Matty Groves", mmoja wa nyimbo hizo za kale. Mke wa bwana mkubwa anamwita kijana kitandani kwake, mume anapata habari, damu inamwagika. Mwimbaji wao, Sandy Denny, anakisimulia kisa ubeti kwa ubeti bila papara, kama msomaji wa utenzi anayekiamini kisa chake. Maneno yakiisha, gita na fidla vinafukuzana kwa dakika kadhaa.

Wimbo unaonishika zaidi, hata hivyo, si wa kale. "Crazy Man Michael" maneno yake ni ya Thompson, muziki wake ni wa Swarbrick: mtu anamuua kunguru, kumbe kamuua mpenzi wake. Thompson alikuwa na miaka 20, msiba bado mbichi. Uweke kati ya nyimbo za karne zilizopita, huoni mshono. Watunzi wengi wa kizazi kile walijifunza kusema "mimi" waziwazi. Huyu kijana alipata kwa wazee wake namna ya kulia bila kujitaja, na kwangu huo ndio utunzi mkubwa zaidi.

Albamu ilipofika madukani, Denny na Hutchings walikuwa wameshaondoka: Denny akizitamani tungo zake mwenyewe, Hutchings akitaka nyimbo za jadi zaidi, akaenda kuunda bendi ya Steeleye Span. Inaniuma kwamba kikosi kile hakikurekodi albamu ya pili.