Tanga tunakunywa Zigi, anayeutunza anapata nini?

Ukimuuliza mtu hapa Tanga mjini maji yake yanatoka wapi atakwambia idarani, basi. Wachache watakutajia bwawa la Mabayani, na wachache zaidi wanajua lile bwawa linajazwa na Mto Zigi, kamto tu kanakoshuka Usambara Mashariki, huko Amani wilayani Muheza. Jiji zima linakunywa hapo.

Mi naona sisi wa huku chini tumejisahau mno. Masika ikikolea milimani maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni wote unateremka Mabayani. Mtamboni inabidi waongeze shabu ili tope ligande lizame, na shabu inanunuliwa, na bwawa lenyewe ni la 1978, kila msimu tope linazidi kutuama chini na kina kinapungua, yani hizo gharama zote zinaishia kwenye bili yako wewe.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe. Sawa, ila mtu ana eka moja mlimani na pale bondeni ndio penye rutuba, ndipo magimbi na migomba yake inapostahimili kiangazi, ukimwambia aache bure umemwambia alale njaa ili wewe uoge. Wachimbaji dhahabu walivyovamia kule mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliondolewa, lakini huyu mkulima utamwondoa umpeleke wapi, kwao si ndo hapo?

Na wakulima wenyewe hawajakaa tu, wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira, UWAMAKIZI, wanahifadhi vyanzo. 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliuza hatifungani ya kijani, yani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya zaidi ya shilingi bilioni 50, tukashangilia mabomba na mita mpya, nami nawapongeza kwa dhati kabisa. Ila nataka na kwenye bili kuwe na mstari unaosomeka, hata shilingi kumi kwa uniti, ya mkulima aliyeacha mita zake 60 zikaota miti.

Najua mtasema maji yashakuwa ghali. Ni kweli, lakini si tayari tunalipia tope? Sharti langu ni moja, hela isiishie kwenye semina na posho, imfikie mkulima mkononi, na majina ya waliolipwa yabandikwe ofisi ya kijiji kila mtu ajisomee.