Magazeti Yakisomwa Redioni, Tusiishie Kwenye Vichwa vya Habari

Kila asubuhi, kabla muuza magazeti hajamaliza kupanga meza yake, mtangazaji wa redio ameshayapitia yote. Anaanza na Mwananchi, anahamia Nipashe, anapita HabariLeo na Uhuru, anamalizia na Mwanaspoti kwa ajili ya watu wa Simba na Yanga. Dereva wa daladala amesikia, abiria wake wamesikia, na fundi cherehani aliyefungulia redio dukani naye amesikia. Ikifika saa 2, mtaa mzima unajadili habari ambayo karibu hakuna aliyeisoma.

Utaratibu huu una wapinzani na watetezi, na pande zote mbili zina hoja. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari tu, visiingie ndani, ili wananchi wabaki na sababu ya kununua gazeti. Agizo lile lilitokana na kilio cha kweli. Mimi hata hivyo naamini lilizuia sehemu yenye faida na kuruhusu ile yenye madhara.

Kilio chenyewe nakielewa. Mwandishi wa Tabora au Songea mara nyingi hana mshahara, analipwa kwa habari iliyotoka. Amepanda bodaboda hadi kijijini, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya mpaka mchana, ametuma habari yake usiku kwa simu. Mhariri ameipunguza, msanifu ameipanga kwenye ukurasa, mtambo umechapa kwa karatasi iliyonunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na gari limetoka Dar es Salaam usiku wa manane kuiwahi mikoa. Halafu saa 12 asubuhi mtu aliyekaa mbele ya kipaza sauti anaisoma aya kwa aya, bila kulipa chochote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipindi hicho mara nyingi kina mdhamini. Jina la kampuni linatajwa kikianza na linatajwa tena kikiisha, lakini katika fedha ile hakuna shilingi inayomfikia aliyeandika. Jioni nakala ambazo hazikununuliwa zinarudishwa kwa msambazaji.

Hata hivyo, kuitupia redio lawama yote si haki. Kampuni ya New Habari (2006), iliyokuwa ikichapa Mtanzania, Rai, Bingwa na Dimba, ilisimamisha uchapaji Desemba 2020 kwa sababu ya hali ngumu ya biashara. Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni mwaka huohuo, na leseni ikarudishwa Februari 2022, baada ya wasomaji wake wengi kuwa wamezoea kwingine. Matangazo ya zabuni za serikali, yaliyokuwa yakijaza kurasa nzima, tangu 2023 yamehamia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Wamiliki wamelalamika miaka nenda rudi kwamba taasisi za umma zinachelewa kulipa hata matangazo yaliyokwisha kutoka. Gazeti linaloelemewa na mambo yote hayo halitaokolewa kwa kumnyamazisha mtangazaji wa asubuhi.

Sasa tumsikilize msikilizaji. Bei ya gazeti moja ni chai na chapati mbili, na kwa kibarua huo ndio mlo unaomfikisha mchana. Ukienda Liwale au Kakonko, kupata gazeti la leo leo hii ni bahati. Kuna wazee waliosoma vizuri enzi zao, ambao leo mtoto wa jicho hauwaruhusu kuona herufi. Kwa watu hawa, redio inayosoma magazeti ndiyo gazeti lenyewe. Wala kusomeana si jambo la jana. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza 1923, gazeti la Kiswahili limekuwa na wasikilizaji wengi kuliko wanunuzi: anayejua kusoma anasoma kwa sauti, waliomzunguka wanasikiliza na kuuliza. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba haki yake inaishia kwenye kichwa cha habari ni kumpa sehemu ya gazeti inayohitaji maelezo kuliko zote, kisha kumnyima maelezo.

Kichwa cha habari kimetengenezwa kiuze. Kina maneno matano, rangi nyekundu na alama ya mshangao. Hakina nafasi ya "hata hivyo". Mfano mzuri ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, inayowekwa wazi kila mwaka mwezi Aprili. Siku hiyo kurasa za mbele hufanana: madudu, mabilioni, upigaji. Ukiingia ndani unakutana na mambo tofauti kabisa yaliyofungwa pamoja. Kuna malipo yasiyo na viambatisho, maana yake mkaguzi hakuonyeshwa risiti au hati ya malipo. Huenda fedha imeibwa, huenda faili limekaa vibaya. Kuna manunuzi yaliyoruka utaratibu lakini mali ikapokelewa. Na kuna wizi hasa. Aliyesikia kichwa tu anayaita yote wizi, au, akishachoka kusikia, anayaita yote siasa. Sijui lipi baya zaidi kati ya hayo mawili.

Tuliliona hilo Aprili 2018 kwenye mjadala wa shilingi trilioni 1.5. Ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 ilionyesha tofauti kati ya makusanyo na matumizi, na Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, akataka serikali ieleze fedha hizo ziko wapi. Serikali ilijibu bungeni kwamba ndani ya hesabu ile kulikuwa na dhamana za serikali, yaani hati za mikopo yake, zilizofikia muda na kulipwa, mapato yaliyohesabiwa kabla fedha haijaingia, na makusanyo ya Zanzibar. Mtu angeweza kuyakubali majibu hayo au kuyakataa, na kila upande ulikuwa na la kusema. Lakini ili ukubali au ukatae kwa akili yako, ilikubidi uwe umesikia hesabu ilivyojengwa. Waliobaki na kichwa cha habari walibaki na namba, wakachagua upande kulingana na chama chao.

Halafu kuna kurasa ambazo hakuna anayezisoma hewani hata akiruhusiwa. Fungua katikati, kule kwenye maandishi madogo. Msajili wa Hati anatangaza kwamba hati ya kiwanja fulani imeripotiwa kupotea, na kwamba anakusudia kutoa nyingine kama hakuna mwenye pingamizi. Chini yake mahakama inawaita wanaodai haki katika mirathi ya marehemu fulani. Pembeni, dalali anatangaza mnada wa nyumba iliyowekwa rehani benki: namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, siku na saa. Kuna mjane mahali fulani ambaye tangazo moja kati ya hayo linamhusu kuliko habari yoyote ya ukurasa wa kwanza, na muda wake wa kuweka pingamizi unahesabiwa huku yeye hajui. Sheria inachukulia kwamba akishatangaziwa gazetini, ameambiwa. Hapo ndipo redio ingemsaidia kweli.

Mazoea ya kuishia ukurasa wa mbele yamefungua mlango mwingine. Picha za kurasa hizo zinazunguka WhatsApp alfajiri, na miongoni mwake hupenyezwa za kughushi: jina la gazeti ni la kweli, mpangilio ni uleule, kichwa kimebadilishwa. Magazeti yamelazimika mara kwa mara kukanusha. Mghushi hahitaji kuandika habari yenyewe, kwa sababu anajua hakuna atakayeitafuta.

Kwa hiyo ningeligeuza lile agizo. Mtangazaji apunguze orodha ya vichwa, achague habari moja au mbili za ndani, azisome hadi mwisho, ataje jina la mwandishi pamoja na la gazeti, na kituo kilipe. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo, haulindi taarifa za siku zenyewe. Kwamba mkutano umefanyika ni mali ya kila mtu. Lakini maandishi ya mwandishi, jinsi alivyoichimba na kuieleza habari, ni kazi yake, na kazi hulipwa. Najua redio za jamii za wilayani hazina fedha, nyingine zinahangaikia hata mafuta ya jenereta. Hizo zisome bure, kwa sharti la kutaja majina. Malipo yaanze na vituo vikubwa ambavyo tayari vina mdhamini wa kipindi cha magazeti: sehemu ya udhamini ule iende kwa gazeti lililosomwa, na gazeti lionyeshe kwamba imemfikia yule mwandishi wa Tabora.