Laptopu za mtumba na hukumu dhidi ya Linux

Tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, jibu ninalolisikia mara kwa mara kwa mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, ni kwamba mwenye laptopu ya zamani atafute nyingine. Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ikitajwa, huambiwa ni ya wataalamu. Hukumu hiyo ilikuwa na haki yake zamani, si leo.

Windows 11 hudai rasmi chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, isipokuwa chache, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zile zilizoanza kuuzwa 2017. Sharti hili halitazami hali ya mashine. Laptopu ya Core i5 ya mwaka 2015, yenye kioo kizima, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, hufungua barua, mahesabu ya duka na hata mkutano wa video bila kuhema, lakini hukataliwa kwa umri wa prosesa yake. Kwa mwalimu aliyeinunua kwa kudunduliza, hilo si jambo dogo: ama aache kitu kizima, ama aendelee kukitumia bila kinga mpya. Mashine hiyohiyo ikiwekewa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, hupata masasisho bila malipo, na menyu yake iko kona ya chini kushoto, palepale alipoizoea.

Wanaosita nao wana hoja. Microsoft Office na programu za Adobe za kompyuta hazisakiniki moja kwa moja. Baadhi ya chipu za Wi-Fi, hasa za kampuni ya Broadcom, huhitaji programu ya kuziendesha ambayo hupakuliwa kwa intaneti, ilhali intaneti yenyewe ndiyo haipo. Mgeni hukwama hapo akarudisha Windows. Dawa ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia bando lake, kazi ya dakika chache, ila lazima awepo wa kumwelekeza.

Kuhusu nyaraka kuvurugika, nimeshuhudia steshenari barua iliyoandikwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi itumikayo kwenye Linux, ikifunguliwa kwa Word, sahihi ikaangukia ukurasa wa pili. Chanzo kilikuwa fonti, yaani mtindo wa herufi. Calibri, fonti ya Microsoft, haiji na Linux. Carlito, fonti ya bure yenye vipimo vilevile vya herufi, huziba pengo hilo, na kwa waraka wa kuchapishwa tu, PDF inatosha.

Anayeishi kwa Adobe abaki alipo. Wengine wawashe laptopu kwa flashi yenye Mint kabla ya kufuta chochote, wajaribu Wi-Fi, sauti na printa, kwa kuwa mfumo huo huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.